Daktari na Mwuguzi Kabla ya Ramadhani

Kila Ramadhani inapokaribia, nyumba nyingi za Kiislamu huwa na mtu anayeitamani saumu kwa moyo wote, ilhali ana ugonjwa wa kisukari. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Lakini wenye kisukari hawafanani: huyu aweza kufunga kwa salama, na yule saumu yaweza kumdhuru. Nani atakayewapambanua?

Kazi hiyo yataka watu wawili. Daktari hutazama figo, moyo na damu, kisha hupanga upya kiasi cha vidonge au cha insulini na saa za kuvitumia. Mwuguzi huuliza mambo ya nyumbani: mgonjwa afuturu kwa nini, ala daku saa ngapi, nani ampikiaye. Tena ndiye amfundishaye kupima sukari kwa tone la damu ya kidole, jambo lisilobatilisha saumu.

Twawajua wazee wamwitikiao daktari "Ndiyo, bwana", wakamficha kwamba wanafunga. Lakini mwuguzi anapowatazama miguu, humweleza kweli yote. Mwuguzi akiinyamazia kweli hiyo, au daktari akidharau kumsikiliza, dawa ya asubuhi itaandikwa kwa mtu asiyekula mchana, na sukari yaweza kushuka hata akazimia. Hapo aumiaye ni mgonjwa.

Basi yafaa mgonjwa aende zahanati wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi mtukufu. Tena ajue kipimo cha hatari: sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita (yaani 3.9 katika vipimo vya milimoli), au ikipanda juu ya 300 (yaani 16.6), na afungue papo hapo, hata kama magharibi i karibu.

Nanyi vijana, wapelekeni wazazi wenu, mkachukue na dawa zao zote. Mkisikia daktari asema hivi na mwuguzi asema vile, waombeni kwa adabu wakae pamoja wapatane, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu afya, na awatie waganga wao moyo wa kusikilizana. Amin.