Utangulizi: Kesho Iliyoandikiwa Skrini

Mwaka 1981, kampuni ya Thames ya Uingereza ilirusha The Flame Trees of Thika, tamthilia ya vipindi 7 iliyotokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959. Hayley Mills aliigiza mama mlowezi anayefika Thika mwaka 1913 kuanza shamba. Kwa watazamaji wengi wa ng'ambo, hiyo ndiyo Thika pekee waliyowahi kuiona: mikokoteni ya ng'ombe, miche ya kahawa, na mtoto wa Kizungu anayekulia katikati ya watu ambao hadithi haikuwa yao. Mji wenyewe ulikwenda zake. Ulijenga viwanda, ukajaza mitaa kama Makongeni, ukaunganishwa na Nairobi kwa barabara kuu iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012. Televisheni ikabaki mwaka 1913.

Fani ninayokukaribisha inautazama mji kutoka upande wa pili. Inauliza Thika itakuwaje, nani atakuwa akiishi humo, na atakunywa nini. Ni fani ya wale wanaoandika na kutayarisha bunilizi za kisayansi kwa ajili ya televisheni na filamu. Katika Afrika Mashariki bado ni changa kiasi kwamba mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuzitazama kazi zake kuu zote katika muhula mmoja. Mimi nalihesabu hilo kuwa heri kwako: maswali mengi makubwa hayajaulizwa bado, na huhitaji ruhusa ya mtu kuyauliza.

Mlango wa kuingilia ni Wanuri Kahiu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1980, akasomea sayansi ya usimamizi katika Chuo Kikuu cha Warwick, kisha uongozaji wa filamu katika UCLA, Marekani. Usiuruke mpangilio huo, hesabu kwanza na kamera baadaye, tutauhitaji. Filamu yake From a Whisper (2008), inayohusu shambulio la bomu la mwaka 1998 jijini Nairobi, ilishinda tuzo 5 za Africa Movie Academy mwaka 2009. Mwaka huohuo alitoa filamu mbili ambazo wanafunzi wangu huzitazama zikifuatana. Ya kwanza ni For Our Land, filamu ya hali halisi kuhusu Wangari Maathai, mwanamke aliyewafanya Wakenya waione miti kuwa jambo la siasa. Ya pili ni Pumzi.

Pumzi ina dakika kama 21. Miaka 35 imepita tangu Vita vya Tatu vya Dunia, ambavyo vilikuwa vita vya maji. Watu wa jumuiya ya Maitu wanaishi ndani ya kuta. Nje hakuna kinachoota. Umeme wanauzalisha kwa miili yao, wakisukuma mitambo. Jasho na mkojo huchujwa na kunywewa tena. Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho ya viumbe, anapokea kifurushi cha udongo kisicho na jina la aliyekituma, anaupima, anakuta una unyevu, anapanda mbegu, nayo inachipua. Anaomba kutoka nje, baraza linamkatalia. Anatoroka. Mwisho wake sitausimulia hapa.

Mtu yeyote aliyewahi kupanga mitungi ya lita 20 ukumbini hahitaji kuelezwa ulimwengu huo ulitoka wapi. Bwawa la Ndakaini, lililojengwa kwenye Mto Thika huko Gatanga na kuanza kazi mwaka 1994, linaweza kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 70, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka huko. Mto uliobeba jina la mji huu unanywesha mji mwingine. Hapo tayari pana nusu ya tamthilia: nani anakaa juu ya mto, nani chini, nani anashika ufunguo wa lango. Msomi wa nje akiisoma Pumzi huanza na majangwa ya sinema za Marekani. Mimi ningeanza na Ndakaini, kwa sababu bunilizi yetu ya kisayansi, kila ninapoichunguza, huanzia kwenye kitu kinachogawanywa: maji, umeme, ardhi, nafasi ya kupita. Mashine huja baadaye, ili kuonyesha mgawo huo unavyosimamiwa.

Ndani ya Pumzi kuna mgawo mmoja zaidi. Asha anapoota ndoto ya mti, mtambo unaigundua na kumwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. Serikali ya Maitu haitosheki na kupima maji. Inapima hata kinachopita kichwani mwa aliyelala. Ni picha kali ya udhibiti, nayo ilizunguka duniani, ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010, bila kupigwa marufuku nyumbani. Miaka minane baadaye Kahiu alitoa Rafiki, hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili katika Nairobi ya leo, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Bodi ya kuainisha filamu iliipiga marufuku Aprili 2018. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7, na watu wakajaza kumbi.

Ziweke filamu hizo mbili kando kwa kando, maana hapo ndipo hoja ya kitabu hiki ilipo. Mwandishi mmoja, nchi moja, jambo moja linalomkera, yaani nani anaruhusiwa kuota nini. Alipolipeleka miongo kadhaa mbele, lilipita. Alipoliweka mtaani, likazuiwa. Bunilizi ya kisayansi humpa mwandishi umbali wa kusema linaloumiza karibu, na anayeichagua kazi hii anachagua umbali huo kwa makusudi.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa hilo. Shaaban Robert aliiweka Kusadikika angani mwaka 1951, wakati wa ukoloni, ili aweze kuishtaki dhuluma ya sheria mbovu iliyokuwa ardhini. Katama Mkangi, aliyewahi kutiwa kizuizini miaka ya 1980, alimtia mhusika wake Dzombo ndani ya chombo cha angani na kumpeleka sayari nyingine katika Walenisi (1995). Huwa nasikia ikisemwa kwamba bunilizi ya kisayansi ni ya kuagizwa kutoka nje, na nalikataa wazo hilo kwa moyo wote. Kilichokuwa kigeni ni gharama ya kuipeleka kwenye skrini. Shaaban Robert alihitaji karatasi na wino tu.

Ndiyo maana kitabu hiki hakimtenganishi mwandishi na mtayarishaji. Katika riwaya, sentensi moja inayosema mji umefunikwa na mchanga haina bei. Kwenye televisheni sentensi hiyohiyo ni siku za kupiga picha, magari, mafundi wa picha za kompyuta na mtu wa kusaini hundi. Pumzi ilipata fedha kutoka mfuko wa Africa First wa kampuni ya Focus Features, Taasisi ya Goethe na mfuko wa Changamoto, na ikapigwa Afrika Kusini. Itazame ukijua hivyo. Wahusika ni wachache. Maneno karibu hayapo. Sehemu kubwa inatokea ndani, kwenye vyumba vinavyobana, na nje ni jangwa tupu. Huo ni mswada wa mtu aliyejua bei ya kila mstari kabla ya kuuandika. Kwa maoni yangu uchache huo ndio ulioifanya kuwa filamu nzuri, kwani kila tone linaloonekana lina uzito.

Amerika ililijua jambo hili mapema. Rod Serling, baada ya wadhamini kumkatakata tamthilia zake zilizogusa ubaguzi wa rangi, alianzisha The Twilight Zone mwaka 1959 akiwa mwandishi na mtayarishaji, na kati ya vipindi 156 aliandika 92 yeye mwenyewe. Aliona kwamba kiumbe wa sayari nyingine anaweza kusema yale ambayo mtu wa mji wa Kusini mwa Marekani hakuruhusiwa kuyasema, mradi kalamu na ratiba viwe mikononi mwa mtu yuleyule.

Njia ya Kahiu tangu hapo inaonyesha jinsi kazi hii inavyojengwa, na ni njia yenye kona nyingi. Yeye na Nnedi Okorafor, mwandishi mwenye asili ya Nigeria, waliandika pamoja hadithi fupi Rusties (2016) kuhusu roboti za kuongoza magari. Kinshasa ilikuwa imekwisha kuweka roboti za aina hiyo barabarani mwaka 2013, zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba wawili hao wangeiandikia Amazon mfululizo unaotokana na riwaya ya Octavia Butler, Wild Seed. Kutangazwa si kurushwa, na anayeingia katika kazi hii ajiandae kwa miaka ya miswada inayolipwa bila kuonekana. Mwaka 2025 Kahiu alikuwa mmoja wa waongozaji na wa watayarishaji wakuu wa Washington Black, mfululizo wa vipindi 8 wenye mtoto mtumwa na chombo cha kuruka.

Hayuko peke yake. Usoni (2013) ya Marc Rigaudis, iliyotengenezwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha USIU jijini Nairobi, inawaonyesha Wazungu mwaka 2062 wakikimbilia Afrika kutafuta jua. Super Sema (2021), katuni aliyoiunga mkono Lupita Nyong'o kama mtayarishaji mkuu, inampa msichana wa kijiji cha Dunia kazi ya kupambana na mtawala ambaye ni akili ya mashine. Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda wana filamu moja moja katika Kizazi Moto (2023) ya Disney. Na Dilman Dila wa Uganda amekuwa akiandika na kuongoza kazi zake kwa ukaidi ninaoupenda, ikiwemo Her Broken Shadow (2017).

Kabla ya sura ya kwanza, itazame Pumzi mara mbili. Mara ya kwanza usiandike chochote. Mara ya pili yafuate maji: yanatoka wapi, nani anayapima, yanaishia kwa nani. Kisha andika kurasa 5 za kipindi kinachotokea Makongeni mwaka 2062, na kando ya kila mstari uweke bei yake kwa shilingi. Kurasa hizo ndizo tutakazofanyia kazi katika sura ya kwanza, tukianza na mistari iliyo ghali zaidi.