Uhuru Bila Jembe Haujatimia

Ndugu zetu wa Ifakara na bonde zima la Kilombero hawahitaji mwalimu wa kuwaambia kuwa shamba la mpunga, lisipopata jembe na mbegu, halilishi mtu. Na uhuru wa mtumwa ni vivyo hivyo.

Utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka 1865, watu wapatao milioni 4 walitoka minyororoni mikono mitupu. Bunge la huko lilikuwa limeunda idara ya kuwapa chakula, matibabu na shule, na kusimamia mikataba yao ya kazi. Mwezi Februari 1866 Bunge lilitaka kuirefushia idara hiyo maisha, Rais Andrew Johnson akakataa kutia sahihi. Kura za Seneti zilikuwa 30 kwa 18. Zilipungua mbili tu kufikia theluthi mbili. Wabunge hawakukata tamaa. Walileta mswada mwingine, Rais akaukataa tarehe 16 Julai, na siku ile ile mabaraza yote mawili yakaupitisha juu ya kukataa kwake. Ukawa sheria.

Je, sisi? Katika Tanganyika, Wajerumani walitamka tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Waingereza wakaufuta utumwa kwa sheria mwaka 1922. Kule Unguja, mwaka 1897, fidia walilipwa mabwana; aliyefanya kazi bila ujira hakulipwa. Nani angempinga mtawala? Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na Waafrika hawakuketi humo hadi 1945.

Lakini tusidanganyike kwamba kura peke yake hutosha. Johnson aliwarudishia mabwana wa zamani mashamba yao, idara ikafungwa mwaka 1872, na wengi waliokuwa watumwa wakabaki kulima ardhi ya wengine kwa deni.

Leo ibara ya 97 ya Katiba yetu yasema kuwa mswada uliokataliwa na Rais, ukiungwa mkono tena na theluthi mbili ya wabunge, humlazimu Rais kuukubali au kulivunja Bunge. Silaha hiyo ni ya wananchi. Basi mkulima wa mpunga na mfanyakazi wa miwa wamwulize mbunge wao, kila sheria njema inapotangazwa: jembe liko wapi?