MGUU WA MFANYAKAZI NDANI YA KOMPYUTA



Mguu ni chombo cha kazi kama panga na jembe. Panga likivunjika, tajiri hununua jingine. Mguu hauna spea. Kwa hiyo yafaa tujue unavyofanya kazi.

Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa programu ya kompyuta iitwayo OpenSim, nayo hutumiwa bila malipo. Ndani yake hujengwa mguu wa hesabu, wenye mifupa, viungo na misuli. Nguvu ya kila msuli hukadiriwa kwa kanuni zilizotokana na kazi ya A. V. Hill wa Uingereza, aliyepima misuli ya chura mwaka 1938. Mtu hutembea mbele ya kamera, akikanyaga sahani inayopima nguvu ya unyayo. Kisha kompyuta hukadiria kila msuli umevuta kiasi gani. Jambo hilo halionekani kwa macho, wala huwezi kumpasua mtu anayetembea.

Kazi yenyewe ni hii. Kisigino kikigusa ardhi, misuli ya makalio na ya mbele ya paja huuzuia mwili usianguke. Halafu kigimbi huubeba mwili na kuusukuma mbele. Kano nene ya kisigino huvutika kama mpira, ikijirudi hurudisha nguvu. Mguu ulio hewani hubembea mbele.

Jirani zetu Kenya walipimwa pia. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba wanawake wa Kikuyu na Kijaluo waliozoea mizigo waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Kipimo cha 1995 kilionyesha sababu: wakiwa na mzigo, mwili wao hubembea vizuri zaidi na kupoteza nguvu kidogo. Lakini mzigo ukizidi hapo, gharama hupanda.

Sasa tufanye hesabu. Mtu wa kilo 60, sehemu yake ya tano ni kilo 12. Gunia la kahawa ni kilo 60! Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke apewe pungufu sana ya hapo.

Msimamizi asiyebeba atasema gunia ni jepesi. Wahenga walishasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kompyuta nayo haijui njaa, wala utelezi wa mlima wakati wa mvua. Mambo hayo anayajua mbebaji.

Basi kila tawi lipime mizigo yake kwa mizani, si kwa macho. Andikeni kilo, umbali na idadi ya safari kwa siku, mpeleke kwenye kamati. Malalamiko yenye hesabu hayapuuzwi kwa urahisi.

Umoja ni nguvu!