Kinanda cha Sebuleni: Utangulizi

Katika miaka ya 1950 na 1960, nyumba nyingi za Marekani zilikuwa na kinanda cha umeme sebuleni: kabati la mbao iliyong'arishwa, safu mbili za vibao, pedali za besi chini, na benchi ambalo kiti chake hufunuka ili kuhifadhi vitabu vya muziki. Leo vinanda vingi vya aina hiyo hutolewa bure. Mwenye nyumba hataki hela, anachotaka ni watu wenye mgongo wa kukibeba na gari la kukiondoa. Kwa anayependa kujifunza hii ni neema, tena neema isiyo ya kudumu, maana visivyochukuliwa huishia jalalani. Ndiyo maana naandika utangulizi huu kwa haraka kidogo, nikiwa na hamu ya kumvuta msomaji ndani ya uwanja ambao bado hauna wataalamu wa kutosha.

Historia ya muziki wa elektroniki imezoea kusimuliwa kupitia maabara za Paris na Cologne, halafu sintesaiza, halafu kompyuta. Sebule imerukwa. Dai langu ni kwamba sebuleni ndiko watu wa kawaida, kwa maelfu, walikoigusa kwa vidole vyao sauti iliyotengenezwa kwa umeme, miongo kadhaa kabla ya sintesaiza kufika madukani. Tena uwanja huu hausomwi kwa macho tu. Anayetaka kuuelewa hana budi kupiga. Na anayetaka kupiga hana budi kununua, kufungua kifuniko cha nyuma na kuishi na harufu ya mafuta na vumbi la moto. Kupiga, kununua na kutengeneza ni kazi moja ya utafiti.

Tuanze na Laurens Hammond, aliyezaliwa mwaka 1895 katika jimbo la Illinois. Alikuwa mhandisi na mtengenezaji wa saa za umeme, na kinanda hakujua kukipiga. Alichokuwa nacho ni mota inayozunguka kwa mwendo usiobadilika, kwa kuwa inafuata mapigo ya umeme wa mtaa. Mota hiyo iliyokuwa ikiendesha mishale ya saa, aliifungia gia na magurudumu madogo ya chuma yenye meno. Kila gurudumu huzunguka mbele ya sumaku iliyozungushiwa koili ya waya. Kila jino likipita, umeme kidogo huchomoza ndani ya koili. Gurudumu lenye meno machache hutoa sauti nzito, lenye meno mengi hutoa sauti nyembamba. Katika vinanda vyake vikubwa kuna sauti 91 za namna hiyo, na zote zinazunguka muda wote, hata pale mpigaji anapokuwa amekunja mikono. Kubonyeza kibao ni kufungua tu njia ili sauti iliyopo tayari ipite kwenda kwenye amplifaya. Hati ya uvumbuzi aliipata mwaka 1934, na mwaka uliofuata kinanda kikaingia sokoni.

Juu ya vibao kuna vipau tisa vya kuvuta, kila kimoja na alama kuanzia 0 hadi 8. Kipau cha futi 8 hutoa sauti ya msingi. Jina limerithiwa kutoka kwenye vinanda vya mabomba, ambako urefu wa bomba ndio huamua sauti. Kipau cha futi 4 kinaongeza oktavu ya juu, cha futi 16 oktavu ya chini, na vingine vinaongeza sauti za katikati ambazo sikio halizitambui moja moja bali huzisikia kama rangi. Vuta cha futi 8 peke yake, utapata sauti laini inayokaribia filimbi. Vuta vitatu vya kwanza kushoto mpaka mwisho, umesogelea mlio ambao Jimmy Smith, mpigaji wa jazi kutoka Pennsylvania, aliutangaza duniani kwa rekodi zake za lebo ya Blue Note kuanzia mwaka 1956. Hapo mpigaji hachagui sauti iliyokwisha kuandaliwa na kiwanda. Anaichanganya mwenyewe, na anaweza kuibadilisha katikati ya wimbo.

Kuna ubahili mmoja ndani ya mashine hii ambao ninaupenda kuliko kitu kingine chochote. Ili asitengeneze mamia ya magurudumu, Hammond aliyafanya yafanye kazi mbili: gurudumu ambalo ni sauti ya msingi ya kibao kimoja ndilo linalokopeshwa kuwa rangi ya kibao kingine. Lakini skeli ya piano hailingani sawasawa na sauti zinazozaliwa kiasili ndani ya uzi au bomba. Sauti ya tano ya mfululizo huo wa asili, kwa mfano, ndani ya Hammond iko juu kidogo ya mahali pake halisi. Ya saba iko mbali mno na noti yoyote ya piano, hivyo vinanda vyake mashuhuri havina kipau chake kabisa. Mlio ule mnene, wenye mkwaruzo mdogo usioelezeka, kwa sehemu unatokana na makosa hayo ya hesabu. Fundi mwingine angeyasahihisha akapoteza kila kitu. Ndivyo ilivyo pia kwa kishindo kidogo kinachosikika kibao kinapogusa nyaya zake: wahandisi walihangaika kukiondoa, wapiga jazi na roki wakakidai kirudi.

Mjadala wa kwanza mkubwa wa uwanja huu ulifanyika mbele ya serikali. Kampuni ya Hammond ilijitangaza kwamba chombo chake kinatoa rangi za sauti zisizo na mwisho na kwamba kinasimama bega kwa bega na kinanda cha mabomba. Tume ya Biashara ya Marekani ikafungua shauri mwaka 1936. Ikafika hatua wasikilizaji wakaketishwa katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago, wakapigiwa vipande kwa vinanda vyote viwili bila kuviona, wakaulizwa kipi ni kipi. Hawakuweza kupambanua kila mara, na miongoni mwao walikuwamo wanamuziki. Mwaka 1938 kampuni ilizuiwa kuendelea na madai yaliyopita kiasi, lakini jina la kinanda haikunyang'anywa. Naona msomaji wa leo angefaidika kulipitia shauri hilo, kwa sababu maswali yake ndiyo yaleyale tunayoulizana sasa kuhusu mashine na usanii.

Vinanda vya kwanza vilikwenda zaidi makanisani na kwenye kumbi. Sebule ilipata chombo chake hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, pale kampuni ilipotoa vinanda vidogo vyenye vibao 44 kila safu badala ya 61. Mwaka 1950 kilikuja kinanda ambacho mkono wa kushoto unabonyeza kitufe kimoja tu na kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, inasikika, kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kusoma noti. Kati ya vidogo hivyo, M-3 ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Booker T. Jones aliitumia kurekodi "Green Onions" mwaka 1962 akiwa kijana wa miaka 17, kwa hiyo hakuna atakayekuambia ni chombo cha kuchezea watoto.

M-3 haiwashwi kama redio. Ina swichi mbili. Unashikilia ya kuanzia kwa sekunde kama 8, na ndani ya kabati unasikia mvumo unaopanda polepole, magurudumu yakichukua kasi. Kisha unawasha ya pili huku ya kwanza bado umeishikilia. Mvumo unashuka kidogo, unasita, halafu unatulia. Sababu ni kwamba ile mota ya saa haiwezi kujianzisha yenyewe, lazima isukumwe na mota nyingine hadi ifikie mwendo wake. Mara moja kwa mwaka hunywa mafuta: juu ya kasha la magurudumu kuna vikombe vidogo, na kutoka humo nyuzi za pamba hunyonya mafuta na kuyapeleka taratibu kwenye kila egemeo. Kinanda kilichokaa kimya miaka 20 bila mafuta kisilazimishwe. Kipe mafuta, subiri siku kadhaa nyuzi zilowe, ndipo ujaribu.

Hammond hakuwa peke yake. Jerome Markowitz wa kampuni ya Allen alitumia saketi zinazozalisha mawimbi zenyewe, bila gurudumu lolote, na kinanda chake kikaonekana mwaka 1939. Baada ya vita wakafuata Baldwin, Conn, Lowrey, Thomas, Wurlitzer, na mwaka 1959 Yamaha ya Japani na Electone yake ya kwanza. Wengi wao walitumia mbinu moja ya akili: saketi mama 12, moja kwa kila noti ya oktavu ya juu kabisa, na chini yake ngazi za saketi zinazogawa mapigo kwa mbili, tena kwa mbili, mpaka besi. Mbinu hiyo inamsaidia fundi. Ukikuta Do moja imekufa na kila Do iliyo chini yake nayo imekufa, huna haja ya kutafuta kabati zima. Ngazi iliyokatika ni ile ya juu miongoni mwa zilizonyamaza.

Donald Leslie naye asisahaulike. Huko California mwanzoni mwa miaka ya 1940 alitengeneza kabati la spika ambamo honi ya sauti za juu na ngoma ya sauti za chini huzungushwa na mota, hivyo sauti ikawa inakuja na kuondoka, ikipanda na kushuka. Kampuni ya Hammond ilimkataa kwa miaka mingi, huku wateja wake wakilinunua kabati hilo kimyakimya.

Na mdundo? Mwaka 1959 Wurlitzer ilitoa Side Man, mashine ya kumpigia ngoma mtu aliye peke yake na kinanda chake nyumbani. Huko Japani, Ikutaro Kakehashi alitengeneza vinanda na mashine za mdundo kupitia Ace Tone kabla ya kuanzisha Roland mwaka 1972. Mwaka huohuo Timmy Thomas alirekodi "Why Can't We Live Together" kwa kinanda cha Lowrey na mdundo wake wa ndani, bila bendi. Kijana anayeijua "Hotline Bling" ya Drake ameshausikia mdundo huo. Studio za leo za bongo fleva na za Nairobi, zinazojengwa juu ya mdundo wa mashine, zina babu yao katika sebule hizo.

Sasa ununuzi. Hammond B-3 ni maarufu na ni ghali. A-100, iliyotoka mwaka 1959, ina mashine ileile ndani, pamoja na spika zake, lakini haipendezi jukwaani, kwa hiyo huuzwa kwa bei nafuu zaidi. Mwenye busara hununua A-100. Kwenye Hammond za katikati ya miaka ya 1960 kagua sponji iliyowekwa chini ya vibao: ikizeeka hugeuka uji wa kunata wenye asidi unaokula nyaya nyembamba. Za zamani zaidi zina kapasita za karatasi na nta ambazo zimehama kipimo, na mlio wao huwa umefifia; wengine huzibadilisha zote, mimi huziacha kwanza nisikilize. Vinanda vya valvu vina volti mia kadhaa ndani, na kapasita zake hushikilia umeme hata plagi ikishachomolewa, kwa hiyo usiingize mkono kabla fundi hajakufundisha jinsi ya kuzitoa umeme huo.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala ana jambo moja zaidi. Umeme wetu una mapigo 50 kwa sekunde, wa Marekani una 60. Transfoma itashusha volti, mapigo haitayagusa. Hammond ya magurudumu iliyotengenezewa Marekani, ikichomekwa hapa, huzunguka polepole na kushuka nusu toni tatu: bonyeza Do, utasikia La. Kwa jenereta isiyotulia, wimbo wote utayumba. Tafuta iliyotengenezewa Uingereza au Ulaya bara, au chukua kinanda cha saketi kama Lowrey au Electone, ambacho sauti yake haitegemei mapigo ya umeme wa ukutani.

Kuhusu upigaji, anayetoka kwenye piano atashangaa kwamba nguvu ya kidole haibadilishi chochote. Sauti kubwa au ndogo iko chini ya mguu wa kulia, na ukiinua kidole sauti imekwisha palepale. Inabidi kujifunza kubadilishana vidole juu ya kibao kimoja bila kukiachia. Aliyekulia kwenye kinanda cha kwaya, au aliyepiga harimuni ya taarabu, atakuwa ameshapata nusu ya somo, iliyobaki ni mguu wa kushoto kwenye besi. Anza na besi na wimbo tu, kodi zije baadaye.

Kazi iliyobaki kwa watafiti ni nyingi, na haihitaji maabara. Mafundi waliojifunzia viwandani ni wazee sana sasa. Vijitabu vyao vya michoro ya saketi viko ndani ya mabenchi yaleyale yanayotupwa, pamoja na risiti za mauzo na vitabu vya mazoezi vyenye maandishi ya kalamu pembeni. Ukipata kinanda, kabla ya kugusa skrubu moja, fungua kwanza benchi, piga picha kila karatasi, andika namba iliyo kwenye kibati cha kiwandani, na rekodi noti moja moja kama ulivyozikuta, zilizo hai na zilizokufa.