Mstari mweusi kwenye kucha: wa kawaida ao ugonjwa?



Tukitoa verni ya zamani, wengi wetu tunapaka mpya palepale. Hatuangalii kilicho chini yake. Juma hili tunaomba tukawie kidogo, tutazame kucha zenyewe, sababu rangi yao inaweza kutuonya juu ya ugonjwa.

Tuanze na ile inayotisha watu: mstari mweusi ao wa kahawia unaotoka kwenye shina la kucha mpaka nchani. Wengine wanasema ni uchawi, wengine sumu. Hapana. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi mistari hiyo ni ya kawaida, na inaongezeka kadiri tunavyozeeka. Ikiwa iko kwenye vidole vingi, ni myembamba na haibadiliki, usihangaike. Mimba inaweza kuileta. Dawa fulani pia, kama zidovudine ya ukimwi. Usiache dawa yako sababu ya rangi ya kucha. Uliza daktari kwanza.

Lakini kuna mstari usiofaa kuzarauliwa. Uko kwenye kucha moja tu, mara nyingi kidole gumba ao kidole kikubwa cha mguu. Umeanza ukiwa mtu mzima, unapanuka, ao weusi unavuka kucha na kuingia kwenye ngozi ya pembeni. Hiyo inaweza kuwa melanoma, kansa ya ngozi. Ndiyo iliyomuua mwimbaji Bob Marley. Ilionekana kwenye kidole chake kikubwa cha mguu mwaka 1977, na mwanzoni ilizaniwa kuwa kidonda cha mpira. Alikufa mwaka 1981, akiwa na miaka 36.

Na ikiwa uligonga kidole kwa mchi ukitwanga sombe? Damu iliyoganda inasogea mbele pamoja na kucha, karibu milimita 3 kwa mwezi kwenye mkono, polepole zaidi kwenye mguu. Nyuma yake kucha safi inatokea. Weusi ukibaki palepale kwenye shina, si mchi tena. Nenda ukaonyeshe.

Rangi zingine za kuangalia:

Kucha na viganja vya mtoto vimepauka: damu imepungua. Inaweza kuwa malaria, minyoo ao anemia SS. Mpeleke kituo cha afya apimwe damu.

Kucha na midomo ya mtoto ni ya bluu, anapumua kwa shida: hewa haimtoshi. Usingoje asubuhi, kimbia hospitali.

Kucha za mtu mzima zimekuwa nyeupe karibu zote, ao nusu nyeupe nusu kahawia: ini ao figo zinaweza kuwa na shida.

Kucha moja nene, ya njano, inayovunjika: mara nyingi ni kuvu. Inatibika.

Basi, siku ya posho, mbele ya kupaka verni mpya, kaa na binti yako na bibi wa nyumbani. Angalieni vidole 20 vya kila mmoja, hata vya miguu vinavyofichwa na viatu. Mwenye mstari unaobadilika aende kwa daktari bila verni. Kansa hii ikipatikana mapema, inaweza kukatwa na mtu akapona. Ikikawia, inaingia mwilini. Verni inaweza kungoja juma moja.