Vipele vya Uso na Pomadi za Soko



Katika nyumba za kulala kuna jambo moja ambalo sisi makapita wa mwaka wa sita tunaliona kila asubuhi mbele ya kioo, lakini hakuna anayelisema kwa sauti. Ni habari ya vipele vya uso, vile vinavyoitwa akne kwa Kifaransa, na Waswahili wa pwani wanaviita chunusi. Kuna vijana wanaokataa kwenda ubaoni juu ya vipele. Kuna dada wanaoshusha kitambaa mpaka karibu na macho, hata siku ya joto. Na kuna pomadi fulani inayopita kitanda kwa kitanda, kidogo kidogo ndani ya kifuniko cha kalamu. Hiyo pomadi ndiyo imetusukuma kuandika, kwa maana inaharibu nyuso kuliko vipele vyenyewe.

Kwanza tujue kipele kinatoka wapi. Katika ngozi ya uso, ya kifua na ya mgongo mna vitundu vidogo sana, kila kimoja na unywele wake na kifuko kinachotengeneza mafuta. Mtu akianza kukomaa, homoni zinapita mu damu na kukiamuru kile kifuko kitengeneze mafuta mengi. Wakati uleule, chembe za ngozi zilizokufa zinashikamana na kuziba mlango wa kitundu. Mafuta yanabaki ndani, sawa na maji ya mfereji uliozibwa na majani. Humo kuna mikrobi wanaokaa siku zote katika ngozi ya kila mtu, jina lao Cutibacterium acnes. Wanazaana, mwili unapigana nao, fasi ile inavimba na kujaa usaha. Kazi hii yote inafanyika chini ya ngozi kwa majuma mengi mbele ya kipele kuonekana. Mshike neno hilo la majuma, tutalirudia.

Basi vipele si uchafu. Hata ile nukta nyeusi inayoonekana puani si udongo: ni mafuta na rangi ya ngozi yenyewe, vilivyokutana na hewa. Mtu anayejisugua kwa sabuni ya kufulia mara tano kwa siku anajikwaruza tu. Ngozi inakauka, inawaka, na vipele vinabaki palepale. Na wale wanaowaita wenzao majina kwa sababu ya vipele, wakidhani wanawafundisha usafi, wajue hawafundishi kitu.

Wengine wanasema vipele ni vya vijana tu, na kwamba kijana akioa vinaisha. Ingekuwa kweli, walimu wetu wote waliooa wangekuwa na uso laini kama yai! Akne inaweza kuendelea mpaka miaka 30 au 40, na kwa watu wazima inashika wanawake kuliko wanaume. Kwao inapenda kutokea kwenye kidevu na taya, na inazidi siku chache mbele ya hedhi, juu ya homoni zilezile. Kwa hiyo makala hii si ya darasa la kwanza peke yake. Hata wa chumba cha walimu waisome.

Kuna vipele ambavyo tunajiletea wenyewe. Mwaka 1970 waganga wa ngozi wa Marekani waliandika juu ya vipele vya paji la uso kwa watu wanaopaka mafuta mazito mu nywele. Mafuta yanateremka na joto, yanaziba vitundu vya paji. Angalieni wanaopaka nywele sana: mara nyingi vipele vyao vimepanga mstari chini ya nywele, mashavu ni safi. Huyo hahitaji dawa kali. Apunguze mafuta, ayaweke mbali na paji, na afue kitambaa chake cha kichwa na foronya ya mto.

Sasa tufike kwenye pomadi ya kifuniko cha kalamu. Muuzaji anasema, “Yaya, paka hii tu, mu juma moja uso itakuwa muzuri.” Na shida yetu ni kwamba hasemi uongo wote. Nyingi za pomadi hizi za kung'arisha ngozi zina kotikoidi, kwa mfano klobetasoli, ambayo ni kati ya zile kali kuliko zote. Dawa hiyo ina kazi yake: munganga anaiandika kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa siku zilizohesabiwa. Ukiipaka usoni, uvimbe unashuka upesi na wekundu unapotea. Unafurahi, unamwitia mwenzako. Lakini imefanya nini? Imewanyamazisha askari wa mwili, mfereji umebaki umezibwa. Nyuma ya majuma au miezi, vinatoka vipele vipya, vidogo, vingi, vinavyofanana kama mtama. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa ya damu inaonekana, nywele zinaota fasi zisizotakiwa. Ukiacha kupaka, uso unawaka moto, unasema: bila pomadi siwezi! Unarudia. Hapo mtu amefungwa.

Na kotikoidi si peke yake. Pomadi nyingine zina hidrokinoni. Ikipakwa muda mrefu bila munganga inaweza kuleta mabaka meusi-buluu yasiyotoka, kinyume cha kile mtu alichonunua. Nyingine zina zebaki, sumu inayopita ngozini na kuharibu figo. Mapatano ya dunia juu ya zebaki yana jina la Minamata, mji wa Japani ambapo watu wengi walitiwa sumu na zebaki iliyotoka kiwandani. Katika mkutano wa mwaka 2023 nchi zilizoyatia sahihi zilikubaliana kwamba kutoka 2025 isitengenezwe, wala isiingizwe nchini, wala isipelekwe nje ya nchi pomadi yoyote ya urembo yenye zebaki. Lakini sokoni hakuna anayesoma mapatano. Kwa hiyo tusome boksi: tukiona “clobétasol”, “bétaméthasone”, “hydroquinone” au “mercure”, tuiache. Boksi lisilo na orodha ya vitu vilivyomo, tuliache vilevile.

Aliyekwisha kupaka kwa miezi asikatishe ghafula peke yake. Aende kituo cha afya na boksi mkononi, aseme kweli yote. Munganga atampunguzia polepole.

Wengi watauliza, “Basi tufanye nini?” Dawa ipo, lakini ni ya polepole. Osha uso mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na nyuma ya mpira ukitoka jasho. Tumia maji na sabuni laini, kwa vidole, si kwa sponji ngumu wala jiwe. Kausha kwa kugusa tu, na kitambaa kiwe chako mwenyewe. Kisha, yule anayeweza kununua, aulize farmasi ya kweli peroksidi ya benzoili, “peroxyde de benzoyle”. Inaua mikrobi na kusaidia kufungua vitundu. Ile ya 2,5 kwa mia inafanya kazi karibu sawa na ya 10 kwa mia, na inachoma kidogo kuliko hiyo, kwa hiyo msidhani yenye namba kubwa ndiyo bora. Paka kiasi cha punje moja ya hindi kwa uso mzima, si juu ya kipele kilichokwisha kutoka peke yake, kwa maana vingine vinajengwa bado chini. Anza siku moja ndiyo, siku moja hapana, kusudi ngozi izoee. Na angalisho kwa wenye sare ya buluu: dawa hii inatoa rangi ya nguo. Acheni ikauke kabisa mbele ya kuvaa.

Dawa nyingine ni adapaleni ya 0,1 kwa mia, inayopakwa usiku. Inazuia mlango wa kitundu kuzibwa. Mwanzoni inakausha ngozi na kuichubua, hata vipele vinaweza kuonekana kuzidi. Hiyo si sababu ya kuitupa. Lakini mwanamke mwenye mimba asiitumie, na mama za shule walijue hilo.

Sasa yale majuma. Kwa kuwa kipele kinajengwa muda mrefu, dawa inataka majuma 8 mpaka 12 mbele ya kuihukumu. Ni karibu muhula mzima! Hapo ndipo wengi wanaanguka: siku ya kumi wanabadilisha, siku ya ishirini wanachanganya tatu, kisha wanarudi kwa muuzaji wa sokoni. Tena tusikamue. Katika ngozi nyeusi kila kipele kilichokamuliwa kinaweza kuacha doa linalokaa miezi, na jua linazidi kulitia weusi. Vaeni kofia mu kiwanja. Ndimu na dawa ya meno mviache jikoni na kwenye mswaki, vinachoma.

Asiye na feza ya farmasi aanze na maji, sabuni laini na kuacha mafuta mazito usoni. Si kidogo.

Mwenye vipele vikubwa vinavyouma ndani, au vinavyoacha mashimo, asingoje hayo majuma. Huyo aende moja kwa moja kwa munganga, kwa sababu mashimo hayafutiki kwa pomadi.

Wale wenye boksi wasilolielewa walilete kwetu saa ya mapumziko, siku ya tatu na ya tano, nyuma ya maktaba. Tutasoma pamoja orodha ya vilivyomo. Jina la mwenye boksi halitaandikwa popote, na boksi litarudi kwake.