Mashine ya Kuchonga Mbao kwa Kompyuta: Msaada kwa Wanaoanza

Mafundi seremala wanaokusudia kununua mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta wanashauriwa kutafuta mafunzo kabla ya mkopo. Mkopo wa vikundi unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hauna riba, lakini marejesho yake hayamsubiri fundi ajifunze.

Ugumu hauko katika kuchora nakshi; programu za kuchorea huzoeleka. Uko katika kuiwekea mashine sifuri, yaani kuionyesha ubao unapoanzia na uso wake ulipo. Sifuri ikikosewa kwa milimita chache, kisu huzama hadi mezani au huchonga hewa. Ubao usiobanwa barabara huweza kurushwa. Umeme ukikatika mlango ukiwa nusu, mashine nyingi hupoteza mahali zilipofikia, na fundi asiyeweka alama ya sifuri huharibu mbao nzima. Hayo hufundishwa kwa vitendo, juu ya vipande vya mbao chakavu.

Kuhusu mkopo, kikundi kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kuhusu mafunzo, kiulize ofisi ya SIDO ya mkoa na chuo cha VETA kilicho karibu, kikihakikisha kwanza kwamba mashine ya aina hiyo ipo. Muuzaji naye atakiwe kuandika katika mkataba siku atakazomfundisha fundi karakanani.